Kilomita 53 za Serengeti: Barabara Haipimwi kwa Vipande

Katika hotuba za bajeti ya ujenzi kuna maneno ambayo msikilizaji wa Tanzania anayajua kwa moyo: upembuzi yakinifu umekamilika, usanifu wa kina umekamilika, taratibu za kumpata mkandarasi zinaendelea. Tathmini ya Athari kwa Mazingira, ambayo wenye kazi yao huiita TAM, mara nyingi haimo, au ikiwemo hutajwa mwishoni kama mhuri unaosubiriwa kutoka ofisi nyingine. Mpangilio huo wa maneno ndio mpangilio wa kazi. Kwanza mstari huchorwa kwenye ramani, kisha hukatwa vipande vinavyolingana na fedha iliyopo, halafu kila kipande huombewa cheti chake. Hoja yangu ni kwamba barabara inayounganisha pande mbili haiwezi kupimwa kwa haki kipande kwa kipande, kwa kuwa athari yake kubwa haimo katika kipande chochote. Imo katika muungano wenyewe. Na sioni mfano unaolionyesha jambo hili vizuri zaidi ya kilomita 53 za kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambazo zimebishaniwa hadharani tangu mwaka 2010 na bado hazijaisha kubishaniwa.

Njia iliyokusudiwa ilianzia Mto wa Mbu, ikafuata Bonde la Ufa kupitia Engaruka na Engaresero chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, ikapanda nchi ya Wasonjo hadi Loliondo, ikaingia hifadhini kwenye Lango la Klein's, ikatokea upande wa pili Tabora B, kisha Mugumu, Natta na hatimaye Makutano, inapokutana na barabara kuu ya Mwanza, Musoma na Sirari. Wazo lilikuwa la zamani, lakini ni mwaka 2010, mwaka wa uchaguzi, ambapo serikali ya Rais Jakaya Kikwete ililisimamia kama ahadi yenye tarehe. Watetezi wake walikuwa na hesabu nyepesi ya kuwanyamazisha wapinzani. Hifadhi ina ukubwa wa kilomita za mraba 14,763. Hifadhi ya barabara kuu kisheria ni mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Zidisha mita 60 kwa kilomita 53 unapata kilomita za mraba zisizozidi tatu na kidogo, kama asilimia 0.02 ya Serengeti yote. Mtu anayetaka kujua barabara inakula ardhi kiasi gani atasema kwa haki kabisa kwamba haili kitu. Hesabu hiyo ni sahihi, na haina maana, kwa sababu Serengeti haikuingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981 kwa ajili ya hekta zake. Iliingizwa kwa ajili ya kile kinachotembea juu ya hekta hizo.

Kinachotembea ni nyumbu wapatao milioni 1.3, pundamilia wapatao laki mbili na swala tomi wasiohesabika kirahisi. Nyumbu huzaa kwenye tambarare za kusini mvua zinapokuwa zimeotesha majani mafupi yenye madini, huondoka maji yanapokauka, hupita magharibi na kaskazini, na kati ya Julai na Oktoba wengi wao huwa ukanda wa Mto Mara, pande zote mbili za mpaka wa Tanzania na Kenya. Katika miaka ya ukame mto huo ndio maji ya kudumu ya kutegemewa katika mfumo mzima. Ili waufikie na kurudi, nyumbu wanalazimika kuukata mstari ule wa kilomita 53 mara mbili kwa mwaka, na wengine zaidi, kwa sababu msafara hauendi moja kwa moja bali hufuata mawingu. Historia nayo inatuambia nini hutokea idadi yao inapobadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, sotoka ilipokuwa bado inawaandama, nyumbu walikuwa kama laki mbili na nusu. Ng'ombe wa wafugaji wa jirani walipochanjwa, ugonjwa ukakatika porini pia, na kufikia mwaka 1977 nyumbu walikuwa wamefika milioni 1.3. Majani yaliyokuwa yakiungua kila kiangazi yakaanza kuliwa, moto ukapungua, miti ikarudi. Mnyama mmoja akiongezeka ameibadilisha sura ya nchi; akipungua ataibadilisha vilevile, kwa kurudi nyuma.

Hapo ndipo wanasayansi walipoingia. Septemba 2010 jarida la Nature lilichapisha andiko la wataalamu 27 wakiongozwa na Andrew Dobson wa Chuo Kikuu cha Princeton, wakikadiria kwamba nyumbu wakikatiwa Mto Mara wangeweza kushuka chini ya laki tatu. Mwaka uliofuata Ricardo Holdo na wenzake, kwa modeli nyingine, walifikia upungufu wa kama theluthi moja. Wapo waliozishika tofauti hizo mbili wakasema wataalamu wenyewe hawakubaliani. Mimi nazisoma kwa namna nyingine. Modeli mbili zenye dhana tofauti zimetoa majibu tofauti, lakini zote zinategemea jambo moja ambalo mwanabaolojia hawezi kulijibu kwa kuangalia nyumbu: barabara itakuwa kizuizi kwa kiasi gani? Jibu la swali hilo linatoka kwa mhandisi wa usafiri. Makadirio yaliyojadiliwa wakati ule yalikuwa magari 800 kwa siku kufikia 2015 na 3,000 kwa siku kufikia 2035, sehemu kubwa yakiwa malori. Magari 3,000 katika saa 24 ni gari moja kila sekunde 29. Ukifunga malango usiku, kama ilivyo desturi ya hifadhi, na magari yaleyale yakalazimika kupita kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, inakuwa gari moja kila baada ya sekunde 14 au 15. Msafara wa nyumbu wakivuka kwa mstari unaweza kuwa mrefu kwa kilomita kadhaa, na wa mbele wakisita wa nyuma wanarundikana. Kati ya lori moja na lingine hapo hakuna nafasi ya mama na ndama, sembuse kundi.

Magari hayo 3,000 hayazaliwi ndani ya hifadhi, na jambo hili linafaa kushikwa kwa makini. Hakuna anayeishi kwenye zile kilomita 53. Ukiwa na lami safi katikati ya Serengeti isiyofika popote, utapata watalii na askari wa wanyamapori. Ukiwa na njia ya vumbi katikati lakini lami imefika Loliondo upande mmoja na Mugumu upande mwingine, utapata dereva wa lori anayepiga hesabu ya dizeli. Wingi wa magari unaamuliwa na vipande vya nje, na vipande hivyo ndivyo ambavyo TAM yake husema, bila kudanganya, kwamba viko mbali na hifadhi na havina madhara makubwa. Kila ripoti inakuwa kweli peke yake. Zikiwekwa pamoja, hakuna hata moja iliyowahi kuulizwa swali lenyewe.

Mwezi Juni 2011 serikali ililegeza msimamo. Wizara ya Maliasili na Utalii iliiandikia UNESCO kwamba kipande cha hifadhini kitabaki cha changarawe, chini ya usimamizi wa TANAPA, kwa matumizi ya utalii na utawala zaidi, na kwamba vipande vinavyoikaribia mipaka navyo havitawekwa lami. Wakati huohuo kesi ilikuwa tayari Arusha. Shirika la Kenya la kutetea wanyama, African Network for Animal Welfare, lilikuwa limefungua shauri namba 9 la mwaka 2010 katika Mahakama ya Afrika Mashariki. Tarehe 20 Juni 2014 Divisheni ya Awali ilitamka kwamba pendekezo la kujenga barabara ya kiwango cha lami kukatiza Serengeti ni kinyume cha Mkataba wa Jumuiya, hasa vifungu vinavyozitaka nchi wanachama kushirikiana katika kutunza mazingira na maliasili. Mahakama iliacha mlango kwa serikali kuwa na mipango mingine, alimradi isiwe na madhara kwa hifadhi. Hukumu ilishangiliwa, na ilistahili. Lakini tazama ilichokataza: lami. Tazama pia barua ya 2011 ilichoahidi: changarawe. Mahakama na serikali walikutana kwenye aina ya tabaka la juu la barabara, wakati hatari yenyewe ni idadi ya magari.

Changarawe si breki ya kudumu. Mtu yeyote aliyesimamia barabara za mikoani anajua kinachotokea magari mazito yanapozidi juu ya kifusi: makunyanzi yanajitokeza ndani ya wiki chache, greda linaitwa, kifusi kinapeperuka na kusombwa, na machimbo mapya yanatafutwa, mara nyingi ndani ya eneo lilelile unalolihifadhi. Vumbi linatua kwenye majani umbali mrefu kutoka barabarani. Baadaye anatokea mhandisi mwenye nia njema kabisa akionyesha kwa hesabu kwamba tabaka gumu lingekuwa nafuu kwa mfuko na hata kwa mazingira. Hoja hiyo si ya kubuni. Kwenye barabara ya kutoka Lango la Lodoare hadi Golini, ndani ya Ngorongoro, suala la tabaka gumu limekuwa mezani kwa miaka kwa sababu hizohizo za vumbi na machimbo ya kifusi, na UNESCO imelazimika kulijadili. Kwa hiyo ahadi ya changarawe inategemea magari yabaki machache, na uchache wa magari unategemea pande mbili zisiunganishwe kwa biashara. Tangu hapo Wasso hadi njia panda ya Sale, kilomita 49, pamewekwa lami. Upande wa Mara, barabara ya Makutano kuelekea Natta na Mugumu imekuwa ikisogea kwa lami kipande baada ya kipande. Sisemi kuna njama. Nasema tu kwamba kila kipande kina cheti chake na sababu zake nzuri, na presha yote inaishia katikati.

Nairobi imekwishatuonyesha mchezo huu unavyoisha. Awamu ya kwanza ya reli ya SGR kutoka Mombasa ilizinduliwa mwaka 2017, na kituo chake kikuu kiliwekwa Syokimau, jirani na Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Awamu iliyofuata ya kwenda Naivasha ilipofika mezani, njia mbadala kadhaa zililinganishwa kwa utaalamu, ila zote zilianzia kwenye nukta ileile iliyokwisha kumwagiwa zege. Njia iliyochaguliwa ilipita juu ya mbuga kwa daraja la kama kilomita sita. Chombo cha kusikiliza rufaa za mazingira kilitoa amri ya kusimamisha mwaka 2016. Ujenzi ndani ya mbuga ukaanza 2018 hata hivyo. Uamuzi wa kupita mbugani, kwa maoni yangu, ulifanyika siku eneo la kituo lilipochaguliwa, katika mradi ambao kwenye makaratasi ulikuwa wa Mombasa. Na wanaodhani mbuga ndogo pembeni ya jiji haina la kufundisha wakumbuke nyumbu wa tambarare za Athi na Kapiti, waliokuwa zaidi ya 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1970 na sasa wamebaki sehemu ndogo tu ya idadi hiyo, baada ya nyua, viwanja, viwanda na barabara kuingia kimoja kimoja, vingi vikiwa vidogo.

Wamarekani walilipitia hili mapema. Mjini Memphis, jimbo la Tennessee, barabara kuu ya I-40 ilipangwa kupita katikati ya bustani ya Overton. Nyumba zilikwisha kubomolewa kwenye njia yake kuelekea bustani kabla wakazi hawajafika Mahakama Kuu ya nchi, ambayo mwaka 1971 iliurudisha uamuzi wa waziri ukachunguzwe upya, kwa sababu sheria ilikataza kutumia bustani ya umma kama ipo njia nyingine inayowezekana na yenye busara. I-40 haikupita pale hadi leo. Ilizungushwa kaskazini mwa jiji. Kwangu funzo la Memphis halimo katika ushindi wa wakazi. Limo katika bei: watu walihamishwa kwa ajili ya barabara ambayo haikuja, kwa kuwa pande mbili zilianza kutayarishwa kabla ya katikati kuulizwa. Kupima kwa vipande hakuumizi wanyama peke yao.

Pingamizi la kwanza, na zito kuliko yote, ni la wananchi wa Loliondo na Mugumu. Wana haki ya barabara kama watu wa Moshi, na hakuna mwanamazingira wa mjini, aliyefika ofisini kwa lami, mwenye uso wa kuwaambia wasubiri. Mwaka 2011, maelfu ya watu walipomiminika Samunge kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile, taifa zima liliona kwenye luninga hali ya njia ile: foleni za magari za kilomita nyingi, watu wakilala ndani ya daladala na malori, wagonjwa wakifia njiani. Haja hiyo ni ya kweli. Lakini iulize haja yenyewe inaelekea wapi. Mjamzito wa Sale anahitaji kufika Wasso au Arusha. Mfugaji wa Loliondo anahitaji kufikisha ng'ombe mnadani. Mkulima wa Mugumu anatazama Musoma, Bunda na Mwanza. Barabara nzuri kutoka Mto wa Mbu hadi Loliondo, na nyingine nzuri kutoka Makutano hadi Mugumu, zinawahudumia karibu wote hao bila hata gari moja kuvuka hifadhi. Anayehitaji ule muungano wa katikati ni mwenye mzigo unaotoka mbali kwenda mbali, na huyo ana njia nyingine: Singida, Babati na Arusha sasa zimeunganishwa kwa lami na Kanda ya Ziwa. Ni ndefu, ndiyo. Basi faida ya mkato ipimwe dhidi ya njia hiyo iliyopo, badala ya kupimwa dhidi ya matope ya mwaka 2010. Kilichofanyika mara nyingi ni kumtanguliza mjamzito wa Sale ili lori la Musoma lipite nyuma yake. Hilo, kusema kweli, ni kumtumia.

Pingamizi la pili linasema magari yanapita Serengeti hata sasa, tena mabasi ya abiria kutoka Arusha kwenda Musoma kupitia Ngorongoro, Naabi na Ikoma. Ni kweli. Yanapita kwa kulipa kiingilio, kwa mwendo uliowekewa kikomo, mchana tu, juu ya njia isiyoshawishi mtu mwenye haraka. Kinachoilinda Serengeti hapo ni lango: mtu mwenye mamlaka ya kusema saa zimekwisha, rudi. Barabara kuu ya taifa haina lango la namna hiyo, na ikishakuwa njia ya uchumi wa mikoa miwili hakuna mhifadhi atakayethubutu kulifunga. Mikumi ni shahidi. Barabara ya TANZAM ilipita katikati ya hifadhi ile kwa kama kilomita 50, ikawekwa lami mapema miaka ya 1970, na leo ni mshipa wa nchi: malori ya Zambia na Kongo, mabasi ya Mbeya, Iringa na Songea, usiku na mchana. Pamewekwa matuta, vibao vya kasi na mbao zinazoorodhesha faini ya kila mnyama, twiga bei yake, nyati bei yake. Tafiti za miaka ya 1990 zilionyesha wanyama wakigongwa kwa wingi na tembo wakiikwepa barabara. Hakuna anayezungumzia kuifunga Mikumi usiku, na siwalaumu. Ukishaunganisha, umeunganisha.

Wahandisi wana jibu la tatu: tujenge vivuko. Huko Banff, Kanada, madaraja ya wanyama na nyua vimepunguza ajali kwa kiwango kikubwa, na kazi ile ni ya kupigiwa mfano. Ila dubu na kulungu wa Banff huvuka mmoja mmoja au kwa vikundi vidogo, sehemu zinazozoeleka. Nyumbu wa Serengeti hawana kivuko, wana uwanda. Sehemu wanapovuka mwaka huu wanaweza wasiivuke mwaka ujao, kwa kuwa mvua haikunyesha palepale. Uzio ambao ungewaelekeza kwenye daraja ndio uleule uliojengwa Kuke, Botswana, mwaka 1958 kwa ajili ya afya ya ng'ombe, na katika ukame wa miaka ya 1980 nyumbu wa Kalahari walikufa kwa maelfu kwa kukosa njia ya kufikia maji. Barabara ya juu kwa juu kwa kilomita 53 nayo inawezekana kiufundi. Mwenye kuipendekeza atuletee bei yake kabla hatujajadili chochote kingine.

Lipo na pingamizi la wageni: kwamba kelele zote zilitoka Ulaya, Marekani na Nairobi, na Tanzania inajua kutunza mali yake. Inajua. Azimio la Arusha la wanyamapori la Septemba 1961, alilolitamka Mwalimu Nyerere hata kabla ya uhuru kukamilika, liliwaita wanyama hawa amana. Mkataba uliotumika mahakamani uliwekwa saini na Tanzania yenyewe. Na wazo kwamba hoja ya kisayansi inapungua uzito kwa sababu mwenye nayo ana pasipoti nyingine halitumiki tunapokopa fedha za barabara, basi lisitumike tunapozipima. Tuache hapo.

La kufanya halihitaji sheria mpya ya kutisha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 81, inataka tathmini ifanyike kabla ya mradi kuanza au kupewa fedha, kwa gharama ya mwenye mradi. Sheria hiyohiyo inazungumzia tathmini ya kimkakati, ile inayopima mipango na programu nzima badala ya mradi mmoja mmoja. Barabara ya kutoka Mto wa Mbu hadi Makutano ni programu kwa kila hali: mikoa miwili, mikataba mingi, miaka mingi, hifadhi moja katikati. Ingepimwa hivyo tangu mwanzo, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC, lingekuwa na waraka mmoja wenye swali la nani anakwenda wapi, magari mangapi siku mnyororo utakapokamilika, na njia nyingine zipi zinafikisha watu walewale. Baada ya hapo kila kipande kingekuja na TAM yake ndogo ikiurejea waraka huo, na sharti la kipande cha Natta lingeweza kuandikwa kwa kuangalia Lango la Klein's. Wapo watakaosema hiyo ni kuchelewesha. Mradi uliotakiwa uanze mwaka 2012 ulikaa mahakamani kwa miaka, na kipande cha katikati hakijajengwa mpaka sasa. Tathmini kamili ya njia nzima ingemalizika mapema zaidi ya hapo na kubakiza muda wa kujenga.

Upo upungufu mwingine mdogo kwa sura, mkubwa kwa matokeo. Kanuni zinataka muhtasari wa TAM uwe kwa Kiswahili pia, lugha nyepesi isiyo ya kitaalamu. Ripoti yenyewe, yenye mamia ya kurasa na jedwali la makadirio ya magari, inabaki kwa Kiingereza. Kwa hiyo mwananchi wa Ololosokwan au Robanda anayekaribishwa kutoa maoni anapewa kurasa chache zinazomwambia mradi utaleta ajira na kwamba athari zitadhibitiwa. Jedwali la magari, ambalo katika suala hili ndilo moyo wa kesi, halimfikii. Mkutano wa hadhara wa namna hiyo unakusanya saini za mahudhurio. Jedwali hilo la ukurasa mmoja litafsiriwe na kubandikwa ofisi ya kijiji, na wasomewe wasiosoma, hata kwa Kimaasai na Kikurya pale inapobidi.

Njia ya kuizunguka hifadhi kwa kusini ipo, na haijatoka kwenye mawazo ya wageni. Karatu, Mbulu, Haydom, Mto Sibiti, Lalago hadi Maswa ni nchi ya wakulima na wafugaji wengi, yenye masoko, hospitali ya Haydom na daraja la Sibiti lililokwisha kujengwa. Utafiti ulioongozwa na Grant Hopcraft, uliochapishwa mwaka 2015, ulilinganisha njia ya kukatiza na njia za kuzunguka kusini kwa vigezo vya watu na uchumi, na njia za kusini ndizo zilizogusa watu wengi zaidi. Benki ya Dunia ilikuwa imeonyesha utayari wa kusaidia njia ya kusini tangu mjadala ulipopamba moto, na Ujerumani ilijitolea kugharimia uchunguzi wake. Mwaka 2023 barabara hiyo ilikuwa miongoni mwa saba zilizotiwa saini jijini Dodoma kwa utaratibu wa mkandarasi kujenga na kutafuta fedha. Saini haipitishi lori. Kwa hiyo wabunge watakaokaa na kitabu cha bajeti ya ujenzi mwaka huu wakiona fungu la kipande kingine karibu na Klein's au Tabora B, wamuulize waziri kabla ya kulipitisha: tathmini ya njia nzima iko wapi, na Karatu hadi Maswa imetengewa shilingi ngapi?